Maharage yapo ghalani, kwa nini mnunuzi hayaoni?

KILA ifikapo Juni, ukipita Ndalambo na vijiji vya jirani wilayani Momba, utakuta magunia ya mahindi na maharage yamepangwa mpaka barazani. Siku hiyohiyo, ng'ambo ya mpaka, iwe Nakonde, Kasama au mbali zaidi Lubumbashi, yupo mfanyabiashara ameshika simu yake ya mkononi akitafuta mahindi na maharage hayohayo. Watu hawa wawili hawajuani. Anayewajua wote ni dalali, na dalali halali njaa.

Tusieleweke vibaya. Safu hii haina ugomvi na madalali. Dalali anatembea, anatumia nauli, anakesha Tunduma, na mara nyingine mzigo unamharibikia mikononi. Lakini ukichambua kile anacholipwa, sehemu nzuri si ya kubeba wala kuhifadhi mzigo, bali ni ya kujua tu: mzigo uko kwa nani, na nani anautaka. Sisi tuliosomea uchumi wa kilimo tunaiita gharama ya kutafutana. Tuseme kikundi kina magunia 300 ya maharage, na dalali anachukua shilingi 5,000 kwa kila gunia kwa kuwakutanisha na mnunuzi. Hizo ni shilingi 1,500,000 kwa msimu mmoja. Ni mifuko mingapi ya mbolea hiyo?

Jitihada za kupunguza gharama hiyo si za leo. Mwaka 2005, chini ya programu ya kuendeleza masoko ya mazao iliyojulikana kwa kifupi kama AMSDP na kufadhiliwa na shirika la IFAD, ulianza hapa nchini mradi ulioitwa First Mile. Wakulima waliwachagua wenzao kwenda sokoni kupeleleza bei, aina ya mzigo unaotakiwa na wanunuzi waliopo, kisha kutuma habari nyumbani kwa simu ya mkononi. Watu wakawabatiza jina la mashushushu wa soko. Wakati ule shushushu ndiye aliyekwenda kumtafuta mnunuzi. Kilichoongezeka tangu hapo ni kwamba mnunuzi naye sasa anatafuta. Anaingia katika intaneti, anaandika maneno mawili matatu, anapiga simu kwa yule wa kwanza anayemwona. Swali la leo ni je, anakuona wewe?

Vikundi kadhaa vya wakulima na wafanyabiashara wadogo wa ukanda wetu wamekwishaanza kutengeneza tovuti. Ni hatua nzuri. Tatizo ni kwamba wengi wanadhani kazi imekwisha siku tovuti inapofunguliwa, keki inakatwa na mgeni rasmi anapiga picha. Kumbe hapo ndipo inapoanza. Tovuti inaweza kuwapo na isionwe na mtu yeyote isipokuwa mwenyekiti na aliyeitengeneza.

Nitoe mfano ninaoujua kwa karibu. Miaka michache iliyopita niliitwa na kikundi kimoja cha wakulima, jina lake nalihifadhi, nikaangalie kwa nini tovuti yao haileti wateja. Walikuwa wamechanga na kumlipa fundi mmoja wa kompyuta shilingi 850,000. Misimu miwili ilikuwa imepita na hawajapigiwa simu hata moja. Katibu wa kikundi, mzee wa makamo aliyekuwa karani wa ghala enzi zake, alifungua simu yake akaandika jina la kikundi. Tovuti ikaja mara moja.

"Unaona, kijana wangu? Ipo," akasema.

"Naiona, mzee. Sasa naomba ujifanye wewe ni mnunuzi kutoka Zambia. Hukijui kikundi hiki, hujawahi kulisikia jina lake. Ungeandika nini?"

Akafikiri kidogo, akaandika "maharage Tunduma". Tukashuka ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kikundi hakikuwamo. Mzee akaivua miwani yake, akaifuta, akauliza taratibu, "Kwa hiyo wanaotuona ni wale wanaotujua tayari?"

Ndiyo hivyo. Tukaifungua tovuti yenyewe tuisome pamoja. Juu kabisa kulikuwa na picha ya shamba la ngano la Ulaya, na trekta kubwa ambalo Momba halijapata kuonekana. Jina la ukurasa, lile linalotokea kwanza mtu anapotafuta, lilikuwa neno moja la Kiingereza, "Home". Chini yake kulikuwa na sentensi ndefu ya dira: kuwa kikundi kinara katika uzalishaji wenye tija na endelevu kwa ustawi wa jamii. Namba za simu zilikuwapo, lakini zilichorwa ndani ya picha. Neno maharage halikuandikwa mahali popote. Neno Ndalambo halikuwapo. Na hapa sina budi kukiri kosa langu: ile sentensi ya dira niliiandika mimi mwenyewe zamani, walipoomba niwasaidie andiko la kuomba ufadhili. Wafadhili waliipenda. Mnunuzi wa maharage haimhusu.

Ili kuelewa kilichotokea, ni vizuri mkulima ajue kidogo jinsi mtambo wa kutafutia unavyofanya kazi. Mitambo hii iko mingi, lakini unaotumiwa zaidi kwetu ni Google, ulioanzishwa mwaka 1998 na vijana wawili waliokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Larry Page na Sergey Brin. Unapoandika maneno yako, Google haikimbii dunia nzima wakati ule kukutafutia. Inafungua daftari lake. Daftari hilo imeliandika kabla, kwa kutumia programu zinazopita tovuti moja hadi nyingine usiku na mchana, zikisoma kilichoandikwa na kukiorodhesha, kama karani wa ghala anayepita akisoma maandishi ya magunia. Gunia lisiloandikwa kitu, karani huyu halifungui kuona kilichomo. Analiruka, au analiandika kwa kubahatisha.

Ukishalielewa hilo, mengi yanayofuata yanakuwa mepesi. Namba ya simu iliyo ndani ya picha ni kama maandishi yaliyo upande wa ndani wa gunia. Ukurasa unaoitwa "Home" ni gunia lililoandikwa "gunia". Na dira yenye tija endelevu ni kitu ambacho hakuna mnunuzi hata mmoja anayekitafuta.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayesimamia tovuti, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kujua maneno ya mnunuzi. Si maneno yetu sisi, bali yake. Hapa mpakani jambo hili lina utamu wake na ugumu wake. Sisi tunasema maharage. Mkenya anayekuja kununua ataandika maharagwe. Ukifika Katanga utasikia maharagi, na mwenye duka kubwa Lubumbashi huenda akaandika kwa Kifaransa, "haricots". Mfanyabiashara wa Nakonde anaweza kuwa Mnyamwanga kama wewe, mkasalimiana kwa lugha moja na kuulizana habari za mashangazi, lakini akishika simu kutafuta mzigo ataandika Kiingereza, "beans".

Halafu njoo kwenye aina. Maharage yale ambayo sisi Nyanda za Juu Kusini tunayaita kablanketi, wenzetu wa Zambia wanayaita na kuyaandika "kabulangeti". Ni punje ileile, udongo uleule, mpaka tu ndio umepita katikati. Lakini kwa mtambo wa kutafutia hayo ni maneno mawili. Mitambo ya siku hizi ina akili ya kukisia kwamba mtu amekosea herufi moja au mbili, ila si busara kuuachia mtambo ukukisie wewe. Ukiandika katika ukurasa wako sentensi ya kawaida kwamba kikundi kinauza maharage aina ya kablanketi, ambayo Zambia huitwa kabulangeti, umefungua milango miwili kwa sentensi moja. Kinachotakiwa ni kwenda Nakonde siku ya soko, kusimama na kusikiliza watu wanaitaje, kisha kurudi kuandika. Kazi ya shushushu wa soko, kumbe, haijafa.

Vilevile mahali. Mgeni hajui Ndalambo iko wapi. Anaijua Tunduma, kwa sababu ya mpaka, reli ya TAZARA na foleni ya malori. Kwa hiyo andika vyote viwili: ghala letu liko Ndalambo, wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe, karibu na mpaka wa Tunduma. Baadhi ya tovuti za zamani bado zinasema mkoa wa Mbeya, ilhali Songwe imekuwa mkoa tangu 2016. Si kosa la kumfunga mtu, lakini mnunuzi anayetafuta mzigo wa Songwe hatakuona, na aliyekuona atajiuliza kama tovuti hii ina mwenyewe.

Baada ya jina la zao na mahali, yanafuata yale ambayo mnunuzi yeyote angeuliza kwenye simu. Una kiasi gani kwa tani au kwa kilo, maana gunia la huku si lazima liwe gunia la kule. Mzigo umevunwa lini. Umechambuliwa au bado. Lori la tani 30 linafika ghalani au linaishia barabarani. Kwa anayevusha mpaka, je, mnamsaidia kupata cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA na kibali cha kusafirisha nje? Kikundi kinachoeleza hayo kwa uwazi kinamwondolea mnunuzi simu kumi za kuuliza, na kila swali lililojibiwa kwa maandishi ni sentensi ambayo mtambo unaweza kuisoma na kuiorodhesha.

Mwaka 2024 ulitupa somo hapa. Zambia ilikumbwa na ukame mkali, na tarehe 29 Februari mwaka huo Rais Hakainde Hichilema akautangaza kuwa janga la taifa. Baadaye Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ukakubaliana kuiuzia nchi hiyo tani 650,000 za mahindi. Mikataba ya serikali kwa serikali haihitaji Google, wakubwa wana namba za simu za wakubwa wenzao. Lakini mwenye mashine ya kusaga kule Isoka anayetaka magunia 100 tu hana namba ya waziri. Huyo ndiye mteja wa kikundi cha Ndalambo, na huyo ndiye anayehangaika na simu yake usiku.

Sasa baadhi ya watu wakishasikia habari ya maneno, wanavuka mipaka. Nimeona kurasa zilizoandikwa "mahindi Tunduma mahindi bei nafuu mahindi Songwe mahindi bora mahindi" mistari ishirini. Hiyo ni lumbesa. Kama ambavyo gunia lililoshonewa kilemba juu linaonekana kwa macho na afisa wa vipimo analikamata, Google nayo inakamata lumbesa ya maneno, na adhabu yake ni kukushusha chini au kukutoa kabisa katika daftari. Neno likishatajwa katika jina la ukurasa, katika kichwa cha habari na katika maelezo kwa namna ambayo mtu mzima angezungumza, linatosha.

Jambo la pili, baada ya maneno, ni mashahidi. Waanzilishi wa Google walikuja na wazo lililowatofautisha na wengine: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine una uzito zaidi, na uzito huo unategemea anayekutaja ni nani. Ni kama kijijini. Ukidhaminiwa na mwenyekiti wa kitongoji, hiyo ni sawa. Ukidhaminiwa na mtu asiyejulikana anakoishi, dhamana hiyo haina thamani. Wapo wanaouza udhamini wa aina hiyo, viungo elfu moja kutoka tovuti elfu moja zisizo na kichwa wala miguu. Tangu 2012 Google imekuwa na programu mahsusi za kuwabaini wanaofanya hivyo. Usinunue.

Mashahidi wa kweli wako karibu. Muuzaji wa mbegu ambaye kikundi kimekuwa mteja wake kwa miaka anaweza kuwataja katika tovuti yake. Shirika lililowafundisha kuhifadhi mazao linaweza. Na ipo halmashauri. Machi 2017 zilizinduliwa tovuti za mikoa na halmashauri nchi nzima, na tovuti ya serikali ni shahidi mzito. Safu hii inazishauri halmashauri za mkoa wa Songwe kuwa na ukurasa mmoja, usio na mbwembwe, unaoorodhesha vyama vya ushirika na vikundi vya wakulima: jina, kata, zao, simu ya katibu, na kiungo cha tovuti kwa wenye nayo. Kazi hiyo haihitaji bajeti. Inahitaji afisa ushirika mmoja, afisa habari mmoja na siku mbili za kupiga simu kuhakikisha namba zinapatikana. Tunatumia fedha nyingi kupeleka mabanda Nane Nane kila Agosti, na maonyesho yanaisha ndani ya siku nane. Ukurasa huo ungekuwa wazi mwaka mzima.

Tatu, simu. Mnunuzi wetu hana kompyuta mezani, ana simu ya kiganjani na bando analohesabu. Tovuti yenye picha kumi nzito itamlia bando na kumchosha kabla haijafunguka. Google imelizingatia hilo kwa muda mrefu. Mwaka 2015 ilianza kuzipa nafasi bora tovuti zinazosomeka vizuri katika simu, 2018 ikaongeza kigezo cha kasi ya kufunguka kwenye simu, na Oktoba 2023 ikatangaza kukamilisha kazi ya kuhamia kwenye kusoma tovuti kwa sura yake ya simu. Kipimo changu ni rahisi. Nenda nje ya mji, mahali ambapo mtandao unasuasua, fungua tovuti yako. Ukiweza kunyonya pipi ikaisha haijafunguka, punguza picha. Picha moja ya maharage yenyewe yakiwa kiganjani, iliyopigwa juani, ina faida kuliko picha kumi za trekta la watu.

Hapa kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi na wafanyabiashara wa Tunduma: mbona sisi tuna makundi ya WhatsApp na yanatutosha? Yanawatosha kwa wateja mlio nao. Ujumbe ulioandikwa ndani ya kundi la WhatsApp hausomwi na mitambo ya kutafutia, na picha unayoweka kwenye hali yako inafutika baada ya saa 24. Mtu asiye na namba yako hatakufikia. Endeleeni na makundi, ila muwe na mahali pamoja pa wazi ambapo mgeni anaweza kufika bila kualikwa.

Kwa mwenye duka la pembejeo, mashine ya kukoboa au nyumba ya wageni, pengine hata tovuti haihitajiki kwa kuanzia. Google ina huduma ya bure ya kuandikisha biashara ili ionekane kwenye ramani yake: jina, mahali ilipo, namba ya simu, siku na saa za kufungua, na picha. Watakuomba kuthibitisha kwamba biashara ni yako, kisha inaonekana. Dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya mpakani akitafuta matairi au chakula anatazama ramani. Kuwa makini tu kwamba jina, namba na mahali vilivyo kwenye ramani vinafanana na vilivyo kwenye bango lako na kwenye tovuti. Ukiwa na namba tatu tofauti mahali patatu, mteja hachagui, anaenda kwa jirani.

Inabidi niseme pia kuhusu matapeli, kwa sababu kila penye jambo geni wapo. Kuna watu wanaopita kwenye vikundi na maduka wakiahidi kukuweka "namba moja Google" kwa laki tano au zaidi. Hakuna anayeweza kuahidi hivyo. Google haiuzi nafasi katika orodha ya kawaida ya majibu. Inachouza ni matangazo, nayo huwekewa alama kwamba yamelipiwa, na fedha ikiisha yanaondoka. Mwingine atakuambia anaingiza maneno ya siri nyuma ya tovuti ambayo Google pekee inayaona. Septemba 2009 Google yenyewe ilitangaza kwamba orodha hiyo ya maneno ya siri haiitumii katika kupanga majibu. Imepita miaka mingi na bado watu wanaiuza. Mtu anayefaa kulipwa ni yule anayekuuliza unauza nini, kwa nani, na wateja wako huitaje bidhaa yako, na anayekuambia ukweli kwamba matokeo yanaweza kuchukua wiki au miezi.

Na kuna lile lililowakuta wazee wangu wa kikundi nilichokitaja. Tulipotaka kurekebisha tovuti, tukagundua kwamba jina la tovuti liliandikishwa kwa jina la fundi, si la kikundi. Nywila alikuwa nayo yeye. Simu yake haikupatikana, na ada ya mwaka ilikuwa inakaribia kuisha. Jina likaanguka. Tukalazimika kuanza na jina jingine, na ule uzito wote mdogo ambao jina la kwanza lilikuwa limeupata kwa miaka miwili ukapotea. Kwa hiyo, ndugu mkulima, kabla ya kumlipa fundi hakikisha jina limeandikishwa kwa kikundi, stakabadhi ipo kwa mhazini, nywila ipo kwenye daftari la katibu lililofungiwa, na tarehe ya kulipia ada imeandikwa ukutani pale inapoandikwa tarehe ya mkutano mkuu.

Wapo wanaosema haya yote yatapitwa na wakati, kwa kuwa sasa mitambo inatoa jibu lililoandikwa tayari. Ni kweli kwamba tangu 2024 Google imeanza kuweka juu ya majibu muhtasari unaotungwa na akili bandia, na wengine wanaiuliza mitambo ya namna hiyo moja kwa moja. Lakini majibu hayo nayo yanategemea yaliyoandikwa mahali fulani na mtu fulani. Kama hakuna ukurasa unaosema nani anauza kablanketi Ndalambo, mtambo hauna pa kulitoa jibu, na hatari iliyopo ni kwamba utabuni. Sisi tuna nafuu moja: maandishi ya Kiswahili kuhusu mazao ya wilaya moja kama Momba ni machache. Anayeuza kahawa kwa Kiingereza anashindana na dunia nzima. Anayeeleza vizuri kwa Kiswahili maharage ya Momba huenda asiwe na mshindani hata mmoja.

Sitaki kumdanganya mtu. Tovuti inayopatikana haibadilishi maharage mabovu kuwa mazuri, haipunguzi ushuru, na haimzuii mnunuzi kupunguza bei akifika. Inachofanya ni kuleta simu ya kwanza. Na simu ya pili ya kutoka kwa mtu mwingine, ili unapozungumza bei na wa kwanza usiwe unazungumza kwa unyonge. Tulipokuwa na barabara ya vumbi ya Tunduma hadi Sumbawanga, mnunuzi mmoja akifika kijijini ndiye alikuwa bei. Lami ilipokuja, wakaanza kufika watatu. Hesabu ya hapa ni ileile.

Kikundi kile sasa kina ukurasa mmoja tu. Hauna dira. Jina lake linaanza na maneno maharage na mahindi, Ndalambo, Tunduma. Yapo maelezo kwa Kiswahili na chini yake kwa Kiingereza rahisi alichokiandika mtoto wa mwenyekiti anayesoma sekondari. Tuliunganisha na huduma ya bure ya Google iitwayo Search Console, inayomwonyesha katibu watu wameandika maneno gani hadi wakaletwa pale, na mzee amekuwa akiyanakili kwenye daftari lake la zamani la ghala, safu moja kwa kila wiki. Mara ya mwisho nilipopita alinionyesha kwamba kuna watu wanatafuta alizeti, zao ambalo wanachama wanalo lakini hakuna aliyefikiria kuliandika. Akaliandika siku hiyohiyo.

Kila Jumatatu asubuhi, kabla hajaenda shambani, anafungua ukurasa kwa simu na kurekebisha kiasi kilichobaki. Nilipoangalia wiki iliyopita, palikuwa pameandikwa: "Kablanketi imeisha. Mahindi meupe yapo tani 14. Maharage mapya ni Juni, piga simu tukuandike."